Kabla ya Jukwaa Kuna Darasa: Tunavyoziona Ngoma za Taiko



Jumapili moja ya mwezi uliopita, baada ya chakula cha jioni, tulikaa katika ukumbi wa burudani kutazama video ya wapiga ngoma wa Kijapani. Kulikuwa na ngoma kubwa kuliko mtu, imelazwa juu ya kiunzi cha mbao, na mbele yake safu ya ngoma ndogo. Wapigaji wamefunga vitambaa kichwani, wametanua miguu kama watu wanaojiandaa kubeba gunia, na mikono inapanda na kushuka pamoja hata unadhani ni mtu mmoja mwenye mikono ishirini. Frateri mmoja, ambaye kwao ni Usukumani na ngoma hakufundishwa na mtu, akacheka akasema, "Hawa wanapigana na pipa." Tukacheka wote. Kisha mwenzetu aliyewahi kusoma habari zao akatuambia kwamba huko Marekani hayo kweli ni mapipa, tena ya mvinyo, na kwamba nyuma ya mapipa hayo ipo habari ya watu waliofungwa makambini. Kicheko kikaisha. Tukabishana mpaka kengele ya ukimya mkuu.

Makala hii imetokana na ubishi ule. Wapo kati yetu waliosema ngoma hizo ni maonyesho mazuri tu, kama sarakasi. Tulio wengi tumeishia kuamini kwamba maonyesho ndiyo sehemu ndogo. Kinachowafanya watu hao kuwa jumuiya hakitokei jukwaani. Kinatokea katika kutengeneza ngoma, kufundishana, kubeba, kufagia na kupokezana. Na pale ambapo jumuiya zao zimepasuka, zimepasukia hukohuko nyuma ya jukwaa, si mbele ya watazamaji.

Tuanze na jina. Kwa Kijapani taiko ni ngoma tu, ngoma yoyote. Nje ya Japani neno hilo limekuja kumaanisha sanaa ya kupiga ngoma nyingi kwa kikundi, ambayo Wajapani wenyewe huiita kumi-daiko. Sisi wa Kiswahili hatupati shida hapa, maana neno letu "ngoma" nalo limebeba chombo, uchezaji, na mkutano wenyewe wa watu. Ukisikia "leo kuna ngoma kwa mzee fulani" hufikirii habari za mti na ngozi peke yake.

Kilichotushangaza kwanza ni umri wa sanaa hii. Ngoma zenyewe ni za kale sana. Zimelia katika mahekalu ya Kibudha na ya Kishinto, vitani, katika michezo ya kuigiza ya Noh na Kabuki, na kwenye sikukuu za vijiji. Lakini kikundi kizima kupiga ngoma za ukubwa mbalimbali kwa mpangilio tuliouona ni jambo la mwaka 1951. Daihachi Oguchi, mtu wa Okaya katika mkoa wa Nagano, alikuwa mpiga ngoma za jazi. Aliletewa karatasi ya zamani yenye mdundo wa ngoma za hekalu la Suwa, akaombwa aufufue. Akaona ngoma moja ikiupiga peke yake haitoshi, akaugawa: ngoma kubwa kazi yake, za kati kazi yake, ndogo kazi yake, kama zinavyogawana kazi ngoma za mpigaji wa jazi. Kikundi chake kikaitwa Osuwa Daiko. Mwaka 1964 ngoma za namna hii zikapigwa Tokyo wakati wa Michezo ya Olimpiki, na vikundi vikaota kama uyoga. Kwa hiyo wengi wetu tuliodhani tunatazama kitu cha miaka elfu tulikuwa tunatazama kitu chenye umri wa babu zetu. Hilo halikipunguzii heshima. Mila ile ilipata uhai kwa sababu mtu mmoja alithubutu kuigusa, na wenzake wakakubali kujifunza upya.

Sasa tuvuke bahari, kwa maana ndipo tulipokutana na habari iliyotunyamazisha.

Wajapani walianza kuhamia pwani ya magharibi ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19, wakafanya kazi za mashamba, reli, migodi na uvuvi. Desemba 1941 Japani iliposhambulia Pearl Harbor, wahamiaji hao na watoto wao waligeuka washukiwa kwa sababu ya sura zao. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani wakahamishwa kwa nguvu kwenda makambini, katika majangwa na nyanda zenye vumbi, wakiishi katika mabanda ya mbao yenye kuzungushiwa seng'enge na kulindwa kwa bunduki. Theluthi mbili walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Walihamishwa bila kwanza kufikishwa mahakamani. Mashamba, maduka na boti zao zikauzwa kwa bei ya kutupa, au zikapotea tu.

Hapa tuna jambo la karibu nasi. Wasomaji wa Musoma na Shinyanga wanawafahamu wamisionari wa Maryknoll, ambao mapadre wao walifika Tanganyika mwaka 1946. Shirika hilohilo lilikuwa tayari na misheni na shule kwa ajili ya Wajapani wa Los Angeles kabla ya vita. Waumini wao walipopelekwa kambini Manzanar, padre wa Maryknoll alikwenda kuwahudumia hukohuko, na masista wawili wa Maryknoll wenye asili ya Kijapani waliishi kambini wakiwasaidia watoto yatima. Ndiyo, yatima nao walifungwa. Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi tunazungumza habari ya kichungaji cha "kunusa harufu ya kondoo" kwa wepesi mno.

Vita vikaisha, watu wakatoka makambini, wakanyamaza. Wazazi wengi hawakuwasimulia watoto wao lolote. Waliwahimiza waseme Kiingereza kizuri, wasome, wasijionyeshe. Ni rahisi kuwaelewa. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya asili yake hawezi kumhimiza mwanawe aitangaze. Kikakua kizazi cha tatu, watoto wenye majina ya Kijapani wasiojua Kijapani, wanaohisi kuna jambo nyumbani lisilosemwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani Weusi walipokuwa wakidai haki zao waziwazi, vijana hao nao wakaanza kuuliza.

Jibu moja likaja kwa ngoma. Mwaka 1968 Seiichi Tanaka, mhamiaji aliyetoka Japani, alianzisha San Francisco Taiko Dojo na kufundisha kwa ukali wa mwalimu na mwanafunzi. Mwaka uliofuata, katika hekalu la Kibudha la Senshin huko Los Angeles, watu waliokuwa wamemaliza sikukuu ya Obon, ambayo ni ya kuwakumbuka marehemu, walianza kuipiga ngoma ya hekalu wao kwa wao, wakaendelea kwa saa nyingi. Kutokana na jioni ile kikazaliwa kikundi cha Kinnara Taiko, kikiwa na mchungaji wa hekalu, Masao Kodani, katikati yake. Mwaka 1973 vijana wa hekalu la Kibudha la San Jose nao wakaanzisha San Jose Taiko, ambayo Roy na PJ Hirabayashi waliiongoza kwa miaka mingi.

Hawa wa Kinnara na San Jose hawakuwa na mwalimu mkuu, wala hawakuwa na ngoma. Ngoma kubwa ya Kijapani huchongwa kutoka gogo moja la mti, hasa mti uitwao keyaki, na bei yake ni ya kutisha hata kwa Mmarekani. Lakini California ni nchi ya mizabibu. Wakachukua mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kazi ya kuhifadhi mvinyo, wakayagandisha vizuri kwa gundi na kuyapiga randa. Wakatafuta ngozi za ng'ombe, wakaziloweka, wakazikwangua manyoya kwa mikono. Ngozi mbichi ina harufu yake. Aliyewahi kukaa karibu na machinjio anajua tunasema nini. Kisha wakazivuta kwa kamba na kuzikaza kwa jeki za gari, wakapigilia misumari kuzunguka mdomo wa pipa. Ngoma moja ilidai siku nyingi za kazi na watu wengi. Wakishajua namna, wakawaonyesha wengine, na kikundi kipya kikizaliwa mji mwingine hakikwenda dukani, kilikwenda kuomba kufundishwa.

Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Watu ambao wazazi wao hawakuweza kusimulia habari ya kambi walikaa wakizunguka ngozi mbichi, mikono inanuka, kazi haiishi. Katika kazi ya namna ile watu husema, na mambo ambayo hayakutoka mezani wakati wa chakula hutoka. Kila mama wa WAWATA aliyewahi kukaa jikoni usiku kucha akimenya viazi vya jubilei ya parokia anaijua siri hii bila kwenda Marekani. Sikukuu hukumbukwa kwa picha, lakini urafiki ulishikana usiku ule wa viazi.

Baadaye ngoma hizo zilifika mahali pa uzito. Jamii ya Wajapani wa Marekani ilipodai serikali iwatake radhi, ngoma zilikuwapo kwenye mikusanyiko yao, na hadi leo huko San Jose hulia kila Februari katika siku ya kuikumbuka amri ile ya 1942. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria, na kila aliyekuwa bado hai kati ya waliofungwa akapewa dola 20,000. Hatusemi ngoma ndizo zilizoleta radhi hiyo. Tunasema ziliwasaidia watu waliozoea kuinama kusimama wima mbele za watu na kupiga kelele.

Na kweli hupiga kelele. Hilo nalo hufundishwa. Tulipotafuta namna wanavyofundisha, tulikuta mambo ambayo mfundishaji wa kwaya wa kigango chochote angependa kuyajua. Mwanafunzi hapewi fimbo siku ya kwanza kisha akaambiwa apige. Kwanza hupiga kwa mdomo. Pigo zito la katikati ya ngozi ni "don". Mapigo mawili ya haraka ni "doko". Pigo la ukingoni mwa mbao ni "ka", yakiwa mawili "kara". Pigo jepesi ni "tsu". Wimbo mzima husemwa hivyo kabla haujapigwa, watu wamesimama duara, mikono mitupu. Njia hii inaitwa kuchi shoga. Asiyejua kusoma nota hana aibu, na mtoto wa miaka minane anasimama kando ya bibi mstaafu, wote wanasema "don doko don". Sisi tuliolelewa kwa d-r-m za ubaoni tulijaribu ukumbini usiku ule, tukagundua kwamba ulimi ukikosea, mkono nao utakosea.

Kisha kuna mdundo wa chini, uitwao ji, ambao hupigwa mfululizo kwenye ngoma ndogo ili wengine wautegemee. Hauna sifa yoyote. Mtazamaji hamtazami anayeupiga. Lakini ukiyumba, kila mtu anayumba. Katika vikundi vingi kila mwanachama hupita hapo, hata yule nyota, na mtu akimaliza zamu yake kwenye ngoma kubwa hurudi kwenye ji. Mapumziko ya kimya kati ya pigo na pigo nayo yana jina, ma, na mwanafunzi hufundishwa kuyaheshimu kama anavyoheshimu pigo. Mazoezi huanza kwa kuinamiana kichwa na mara nyingi huisha kwa watu wote kufagia sakafu na kubeba ngoma kuzirudisha stoo. Ngoma moja inaweza kuhitaji watu wanne au zaidi kuibeba. Hakuna anayeweza kuja kupiga na kuondoka kabla ya kubeba bila kila mtu kuona.

Hapo ndipo hoja yetu ilipotua. Tumeona kwaya zetu zikijengwa kinyume. Tarehe ya kurekodi video hupangwa kwanza, sare hushonwa, kisha ndipo watu wanatafuta muda wa kufundishana. Mwenye sauti hupewa nafasi, asiye nayo hupewa kazi ya kuuza maji. Hatusemi hili kwa kejeli, maana sisi wenyewe tumevaa sare hizo.

Tusije tukaonekana tunawapamba Wajapani, kuna upande mwingine wa habari, na huo una faida zaidi kwa watu walio katika malezi kama sisi.

Mwaka 1969 mtu aitwaye Den Tagayasu aliwakusanya vijana katika kisiwa cha Sado, magharibi ya Japani, akaanzisha kikundi cha Ondekoza. Vijana waliishi pamoja, walikula pamoja, walikimbia kilomita nyingi kila siku, wakiamini kwamba kukimbia na kupiga ngoma ni kitu kimoja. Mwaka 1975 walikimbia mbio za marathoni za Boston, na mara walipomaliza wakashika fimbo na kupiga ngoma. Dunia ikastaajabu. Den alikuwa na ndoto kubwa ya kuanzisha kisiwani mahali pa kufundishia sanaa na ufundi, na fedha za maonyesho zilikusudiwa kazi hiyo. Lakini maamuzi yalikuwa yake. Wahenga wetu walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na sijui kama kuna mahali methali hiyo imetimia wazi kuliko Sado. Mwaka 1981 walitengana. Den aliondoka na jina la Ondekoza. Waliobaki kisiwani wakaanza upya kwa jina la Kodo, neno linaloweza kumaanisha mapigo ya moyo au watoto wa ngoma. Mwaka huohuo walipiga Berlin, na leo ndilo kundi la taiko linalojulikana kuliko yote duniani.

Tukumbuke kwamba Ondekoza walikuwa na kila kitu ambacho sisi huita maisha ya jumuiya: meza moja, ratiba moja, jasho moja, lengo moja. Walikosa nafasi ya kusema. Tuliposoma haya tulitazamana. Nyumba yoyote ya malezi yenye kengele inayolia kwa wakati na watu wasiothubutu kusema yaliyo moyoni inaweza kufikiri ina jumuiya, kumbe ina ratiba.

Kodo hawakuitupa nidhamu kwa sababu iliwaumiza. Wana kituo cha malezi huko Sado, katika jengo lililokuwa shule ya kijiji, ambako vijana hukaa miaka miwili. Hawana simu wala televisheni. Wanalima mpunga na mboga, wanapika, wanafagia, wanachonga wenyewe fimbo zao za kupigia, wanajifunza kuimba, kucheza na filimbi pamoja na ngoma. Mwisho wa miaka miwili si wote wanaochaguliwa kuendelea, na asiyechaguliwa hurudi kwao akiwa amejifunza kuishi. Frateri wa mwaka wa malezi ya kiroho aliposikia maelezo haya alisema, "Wametuiga." Tukamwambia wao pia wangeweza kusema hivyo juu yetu. Lakini kuna tofauti moja tuliyoipenda: kule hakuna anayeona aibu kwa kijana aliyemaliza miaka miwili na kurudi nyumbani. Kwetu aliyetoka seminari bado hupokewa kijijini kama mtu aliyefiwa.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo linahusu ngozi.

Japani ya zamani ilikuwa na watu waliotengwa kwa sababu ya kazi zao za kuchinja, kuchuna na kutengeneza ngozi. Kugusa mnyama aliyekufa kulihesabiwa unajisi, na unajisi huo ukawa urithi wa watoto na wajukuu. Leo wazao wao huitwa burakumin. Mwaka 1871 serikali ilifuta kisheria utengano huo, lakini katika ndoa na ajira uliendelea kwa muda mrefu, na haujaisha kabisa. Sasa fikirini: ngoma haitengenezwi bila ngozi. Ile iliyokuwa ikilia hekaluni mbele ya watu walio safi ilikuwa imewambwa na mikono ya watu ambao hao walio safi hawangekubali kuketi nao. Fundi wa taiko hupanda juu ya ngozi iliyovutwa na kuirukaruka kwa miguu yake ili ilegee na kukaa sawa. Nyayo zake zimo katika kila sauti. Lakini jina lake halikutajwa.

Huko Osaka, katika mtaa wa Naniwa, ambao kwa karne nyingi ulikuwa makao ya watengeneza ngozi na ngoma, vijana wa jamii hiyo walianzisha kikundi chao cha taiko mwaka 1987. Walitambua kwamba mtaa wao umetengeneza ngoma kwa ajili ya Japani nzima, na wenyewe hawakuwa wakizipiga. Kikundi wakakiita Ikari, yaani Hasira. Jina hilo lilitugusa kuliko majina yote mazuri ya mapigo ya moyo. Maana ngoma inaweza kuunganisha watu walio mbele yake huku imemwacha nje aliyeitengeneza, na mtu akiangalia jukwaani tu hatagundua.

Ndugu mmoja alituuliza kama inafaa kwa Wakatoliki kuchukua mafunzo kwa ngoma za mahekalu ya Kibudha. Swali ni halali, na jibu letu ni fupi. Hatuazimi sala zao, na wala hatuleti taiko kwenye Misa yetu. Tuna ngoma zetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikwisha kuzipa heshima mila za muziki za mataifa na kufungua mlango kwa ala zake. Waliofanya kazi ya kuingiza ngoma makanisani mwetu baada ya hapo walipata taabu ambayo sisi tuliozikuta hatuijui. Tunachoazima kwa Wajapani ni namna ya kukaa kuizunguka ngoma.

Na wala hatupingi jukwaa. PJ Hirabayashi alitunga mwaka 1994 wimbo wa ngoma na uchezaji uitwao "Ei Ja Nai Ka?", kwa heshima ya wahamiaji wa kwanza. Miondoko yake ni ya kazi walizofanya: kuvuta nyavu, kuchimba, kulima. Umetungwa ili watazamaji waache viti vyao na kuingia kwenye duara. Hilo ni onyesho linalorudi kuwa darasa, na maonyesho ya namna hiyo hatuna neno nayo. Vilevile tunafurahi kwamba katika vikundi vya Marekani na Kanada wanawake ni wengi kuliko wanaume, ingawa zamani ngoma kubwa ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Wanawake hao hawakupewa ngoma hizo na mtu, walizitengeneza, wakazipiga.

Usiku ule wa ubishi, mmoja wetu aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: ngoma za kanisa letu ziliwambwa na nani? Tunazipiga kila Jumapili. Tulikuwa watu kumi na tisa ukumbini na hakuna aliyejua. Kesho yake tulimwuliza katekista wa kigango, akacheka, akasema ni mzee anayekaa bondeni karibu na machinjio, si mbali hata kilomita moja. Akaongeza kwamba siku ngoma hizo zilipobarikiwa kulikuwa na viti vya wafadhili, viti vya kwaya na viti vya wageni, na mzee yule alisimama nje karibu na baiskeli mpaka Misa ikaisha, kwa sababu alikuwa anasubiri kumaliziwa fedha yake.

Tulikwenda kumwona Alhamisi alasiri. Alitupokea vizuri, akatupa kigoda kimoja na gogo. Tulimwamkia, tukamweleza kwamba tungependa kujifunza kuwamba, na tungependa aje Jumamosi kwenye mazoezi ya vijana awafundishe kupiga. Mzee alifikiri kidogo. Akasema kupiga tutajifunza baadaye. Ana ngozi mbili zimelowekwa tangu Jumanne na hana mtu wa kumsaidia kukwangua. Tuje Jumamosi saa moja asubuhi, watu wanne, kila mtu na kisu chake, na tusivae nguo nyeupe.